Dele la Bibi na Gari la Viti Viwili

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya udi, watu huziba pua. Mimi huvuta pumzi nzima. Papo hapo niko Frere Town, miaka ya themanini, mbele ya nyumba yetu, siku dada yangu Rukia alipokuwa akienda kwa mumewe Likoni na gari la Baba likakataa kutiwa mafuta.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la viti viwili na paa la turubai, fupi hata Baba akiingia ilikuwa kama anaketi mkekani. Alilinunua kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na Mama hajamsamehe mpaka leo. Wenzake wana magari ya kubebea watoto, alikuwa akisema, yeye ana gari la kubebea nafsi yake. Tena lilikuwa na inda. Shingo ya tangi lake ilikuwa nyembamba na imepinda ndani kwa ndani, kwa hivyo mpira wa pampu ukiingizwa tu, mafuta yalicheuka na kumrukia anayetia. Kazungu, kijana wa kituo cha petroli, hakuwa na shati lisilo na doa la gari letu. Na ukilijaza pomoni, jua la Mombasa lilitosha kuyafanya mafuta yavuje kwenye kifuniko, nyumba nzima ikanuka. Ndiyo maana Baba alilijaza siku ya safari tu, tena dakika ya mwisho.

Tangu Rukia hajaota meno, Baba alimwahidi kwamba siku ya harusi yake atampeleka mwenyewe kwa gari lile. Shangazi zetu walikuja juu. Bibi harusi, walisema, husindikizwa na wanawake ndani ya gari kubwa, kwa nyimbo. Rukia akajibu kwamba wanawake waje nyuma na nyimbo zao. Mimi aliniambia ukweli wake akipakwa hina, machozi yakimlenga: viti ni viwili, kwa hivyo atakaa na babake peke yao mpaka Likoni, na baada ya hapo atakuwa mke wa mtu, hajui lini watakaa tena hivyo. Nilimwonea huruma mpaka nikamwapia kuwa atakwenda nalo, utadhani gari lilikuwa langu.

Siku ilipofika, baada ya sala ya alasiri, Baba aliniita nimshikie kitambaa cha kufutia, tukaenda kituoni. Hatukujua kwamba Bibi, mamake Baba, alikuwa amelipitia gari kabla yetu. Alikuwa ameshikilia kwamba mjukuu wake haendi kwa mume akinuka kama gereji. Basi alichukua chetezo chenye makaa na udi wa kutosha, akakiweka nyuma ya kiti na kufunga turubai ili moshi ukolee, vilevile anavyofukiza nguo zake. Moshi tuliuona, lakini siku ya harusi kwetu kila kitu kinafuka, Baba akafungua dirisha tu tukaendelea na safari.

Kazungu alikuwa ameshaushika mpira wa pampu aliposita. "Mzee," alisema polepole, "gari lako lina moto ndani." Baba akageuka, akakiona chetezo. Sijapata kumwona mtu mzima akitoka garini upesi namna ile. Kazungu alikishika kwa kitambaa changu, akakipeleka mbali kando ya barabara na kukifukia mchangani, udi wa Bibi na yote. Meneja wa kituo alitoka akiwa amebadilika rangi. Mafuta atatuuzia, alisema, lakini ndani ya mtungi, na gari lile halitasogea tena penye pampu zake. Simlaumu hata kidogo.

Tulirudi nyumbani na mtungi wa petroli, na huko ndiko mambo yalikoharibika kabisa. Mdomo wa mtungi ulikuwa mpana, shingo ya tangi nyembamba. Baba alijaribu kwa gazeti lililokunjwa, kisha kwa kipande cha mpira, na kila mara mafuta yakamwagikia kanzu yake mpya. Magari ya wasindikizaji yalikuwa yameshapangwa njiani yakipiga honi. Rukia alikuwa ndani, amekwisha kuvishwa, anasikia yote. Mwishowe Baba aliketi kwenye ngazi akainamisha kichwa. "Mwambieni mwanangu apande gari kubwa," alisema, na sauti yake haikuwa na nguvu. Moyo uliniuma.

Ndipo Bibi akatoka jikoni na dele lake la shaba, lile la kahawa, lenye mdomo mrefu mwembamba. Hakuomba radhi, si kawaida yake. "Udi wangu ndio uliowarudisha," alisema. "Haya, lisukumeni mpaka kule, mbali na makaa ya pilau." Akajaziwa dele kutoka mtungini, akasema bismillahi, akainama na kumimina taratibu kama anavyowakirimu wageni, anasita, anasikiliza, anamimina tena. Gari halikucheua hata tone. "Hili halitaki kulazimishwa," akamwambia Baba, "linataka kukaribishwa." Wanawake wakapiga vigelegele. Rukia alitoka amefunikwa gubigubi, akaingia, na Bibi akamwekea dele miguuni, huenda likahitajika njiani.

Siku hizi vituo vimejaa njia nzima mpaka Mtopanga na Utange, na pampu zinajizima zenyewe tangi likijaa. Najaza gari langu bila kushuka. Ni raha, wallahi, wala sitamani kunuka petroli kila wiki. Baba amezeeka, gari lake limefunikwa uani, lakini hajambo. Idi iliyopita Rukia alikuja kama anavyokuja kila Idi, akiendeshwa na bintiye, nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: mlizungumza nini siku ile, mkiwa wawili? Nilitarajia mawaidha ya ndoa. Akacheka. Baba, alisema, alimweleza njia nzima, hata ndani ya feri, jinsi ya kumimina mafuta kwa dele, ili siku akitaka kuja nyumbani asizuiwe na kitu. Na Rukia hakujua kuendesha gari, na Baba alilijua hilo.