Gari Lililokataa Kushiba

Kila nikisikia harufu ya petroli mbichi, miguu yangu hutaka kuruka. Huenda wengi wa rika langu hapa Lubumbashi wana ugonjwa huo. Miaka ile ya Zaire, petroli, ambayo sisi tuliita esansi, ilikuwa ikiadimika mjini kwa majuma mazima. Ilipoonekana, mtu alijaza tangi mpaka mdomoni. Na ili iingie zaidi, watoto tulipanda kwenye bampa la nyuma tukaruka-ruka, gari likayumba, hewa ikatoka kwa mapovu, na mwenye dumu akaongeza. Hatukuwa na mchezo mtamu kuliko huo.

Baba yangu alikuwa seremala, Mwislamu wa asili ya Maniema, mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Gari alilinunua kwa mwalimu mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa la Kijapani, na chini ya boneti lilikuwa na vikopo na mipira ambayo mafundi wetu hawakuifahamu. Esansi alinunua kwa mdogo wake, Baba Mudogo Shabani, aliyekuwa na pipa nyuma ya nyumba yake mtaani Naviundu. Kila Ijumaa baada ya swala Baba Mudogo alikuja kwetu, nao wawili wakala sahani moja.

Basi gari likaanza vituko. Kila likishajazwa, halikuwaka. Lilikohoa, likatoa moshi mweusi, likazima, na baba akakanyaga pedali hadi jasho likamtoka, ndipo likakubali kuondoka. Majirani hawakuumiza kichwa. Kila mtu alijua kwamba wauza mapipa walichanganya esansi na mafuta ya taa, na wakamwambia baba waziwazi kwamba mdogo wake anamlisha takataka.

Ijumaa moja, wali ukiwa mbele yao, baba alimdai mdogo wake kiapo kwamba haongezi kitu: "Shabani, apa. Sema mu ile pipa yako hautiake kitu."

"Yaya," alijibu Baba Mudogo, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "gari yako iko na magonjwa yake."

"Mi sikuulize gari. Apa."

Baba Mudogo alirudisha tonge kwenye sahani. Kisha akanawa mkono, akasimama, akaenda zake. Mimi niliona ni kiburi, na nilimkasirikia kweli. Majirani waliona ni hatia. Ijumaa zilizofuata baba alikula peke yake, na upande mmoja wa sahani haukuguswa. Nyumba ilipooza. Hata sisi watoto tulijua kwamba neno moja zaidi likitoka, hao wawili hawatazikana.

Mama ndiye aliyelegeza fundo. "Baba Zaina," alimwambia asubuhi moja, akimwita kwa jina langu, "kama ile esansi iko mubaya, juu ya nini leo gari inawaka? Si iko ile ile?"

Ilikuwa kweli. Tangi likishuka hadi nusu, gari liliwaka bila shida. Baba aliweka randa chini. Alijaza tangi kwa dumu lililobaki mpaka mdomoni, sisi tukaruka, na gari likagoma kama kawaida yake. Akafungua boneti akaanza kunusa huku na huku, kama anayetafuta panya aliyekufa. Pua ikamfikisha kwenye mpira mwembamba uliotoka kwenye kikopo cha makaa kinachonasa mvuke wa esansi, ukapita kwenye valvu ndogo, ukaingia kwenye kabureta. Ulikuwa umelowa esansi. Aliubana kwa pinse, koleo lake la kazi.

"Mama Zaina, washa."

Mama alikuwa hajawahi kushika ufunguo wa gari, lakini aliuzungusha. Mota iliwaka mara moja, na yeye akapiga kelele kuishinda. Baba aliachia pinse, mota ikasongwa na kuzima. Akabana tena, ikawaka tena. Halafu akaifungua ile valvu, ambayo kazi yake ni kufungia mvuke wa tangi mpaka mota iwake vizuri, akaipuliza. Pumzi ilipita moja kwa moja, na midomo yake ikajaa vumbi la makaa. Kuruka kwetu kulikuwa kumesukuma esansi ndani ya kikopo, na vumbi la makaa likaikwamisha valvu ikiwa wazi, hivyo tangi likijaa esansi ilimiminika hadi kwenye kabureta na kuisonga mota. Baba alichonga kizibo cha mti, akaziba mpira.

Tulikwenda Naviundu siku ile ile. Baba aliiweka valvu kwenye kiganja cha mdogo wake.

"Ni gari," alisema.

"Nilikuambia, yaya."

Ijumaa Baba Mudogo alirudi kula, na baba hakumdai kiapo tena.

Nilikuwa tayari mama mwenye watoto tulipomzika baba. Matanga yalipokwisha nilimuuliza Baba Mudogo sababu: "Juu ya nini siku ile haukuapa?"

"Ningeapa namna gani, mwanangu? Mu esansi ya bantu bengine nilikuwa natia mafuta ya taa. Ya baba yako nilikuwa natoa mbele, ikiwa safi bado, kisha njo nachanganya ya bengine."

Sikujua nimkasirikie au nimkumbatie. "Na baba alijua?"

"Alijua."

Utotoni nilidhani baba aliacha kuuliza kwa sababu valvu ilikuwa imemjibu. Sasa naona ilimjibu nusu tu, na nusu ile ilimtosha kula na mdogo wake. Nyingine, ya esansi ya watu wengine, aliijua ila aliogopa kuisikia kinywani mwake.