Pini ya Pili

Kwenye veranda ya ofisi ya halmashauri, hatua chache kabla hujafika dirisha la vyeti, palikuwa na meza fupi yenye mguu mmoja uliofungwa kwa waya. Hapo ndipo Mama Pini alipokaa miaka kumi na tisa akiwajazia watu fomu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wote waliokuwa ndani, na hilo alilisema mwenyewe, bila kuulizwa.

Jina alilipata kwa utaratibu wake. Fomu tupu, isiyo na kitu ndani, aliibana kwa pini moja. Fomu ambayo mwenyewe amekunjia noti ndani aliibana kwa pini mbili, ili karani wa dirishani asijisumbue kupekua. Karani alimega fungu lake, lililobaki akampelekea msajili, na cheti kikatoka kabla mwenye shida hajamaliza kujipepea. Zenye pini moja zilikwenda kulala kabatini. Mama Pini hakugusa hata senti ya noti zile; yeye alilipwa mwandiko tu, na jioni alinawa mikono akalala usingizi wa mtu mwema. "Mimi nabana tu," alikuwa akisema. Hata anayemshikia mwizi taa husema anamulika tu.

Basi mwaka huo mjukuu wake, aliyemlea tangu binti yake afariki, akatakiwa cheti cha kuzaliwa ili aandikishwe mtihani wa kumaliza shule. Mwisho ulikuwa Ijumaa saa sita mchana; asiye na cheti angerudia mwaka. Bibi mtu akajaza fomu wiki sita mapema, akaibana kwa pini moja, akamkabidhi karani mkononi huku akitabasamu. Yeye ni mtu wa nyumbani, bwana. Mtu wa nyumbani hatozwi kiingilio mlangoni kwake.

Wiki zikakatika. Kila akichungulia dirishani, karani alimwamkia kwa adabu zote.

"Mama yangu, chako hata usikitaje. Kiko njiani."

"Kinatembea kwa magongo?"

Karani alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaendelea kutafuta fomu zenye pini mbili. Msajili naye alimwita mhimili wa ofisi, akamfungia mlango taratibu. Wakati huohuo watu waliofika asubuhi hiyo hiyo walitoka na vyeti vyao, wino haujakauka.

Jumatano jioni mjukuu akaweka begi chini. "Bibi, mwalimu anashangaa. Anasema kwani bibi yako si yuko pale pale ofisini?"

Aibu ilimpanda Mama Pini hadi masikioni. Alimwambia mtoto akale.

Alhamisi akaja na noti mkobani. Akajaza fomu nyingine, akaitoa noti ile, akaitazama. Miaka kumi na tisa amewanoa meno watu hawa, na leo wanamng'ata yeye. Kwa hasira akairudisha noti mkobani, akachukua fomu ile tupu na kuibana kwa pini mbili.

Kwenye benchi kando yake alikuwa amekaa seremala mzee, Babu Randa, aliyekuwa akifuatilia cheti cha kifo cha mkewe kwa mwezi wa nne sasa. Aliona yote.

Karani aliipokea fomu kwa furaha, akaifungua chini ya meza. Akaikung'uta. Akaipindua. Mama Pini, kupitia kioo, akamwona akipiga magoti na kupapasa sakafu, akainua kapu la taka, akavua hadi kiatu. Noti imeanguka, lazima imeanguka, kwa sababu Mama Pini hakosei. Na kumpelekea msajili fomu ya pini mbili ikiwa tupu ni kukiri kwamba umekula peke yako. Karani aliyemtangulia alifanya hivyo, sasa anahesabu mifugo huko ambako hata barabara haijafika. Basi karani akaingiza mkono mfukoni mwake mwenyewe, uso umemkunjamana kama anang'olewa jino, akatoa noti yake, akaikunja ndani ya fomu na kuipeleka kwa bosi.

Nusu saa baadaye cheti kilitoka. Mama Pini alikisoma mara tatu, akakibusu, akacheka peke yake kama mwehu.

"Ile haikuwa na kitu," Babu Randa akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nakutazama."

"Haikuwa na kitu, mzee wangu."

"Na yangu ulibana ngapi?"

Kicheko kikamkauka. "Moja."

Mzee akainama juu ya kikopo cha pini, akachokorachokora ndani kwa kidole chake kinene. "Hiyo ya pili inauzwaje?"

Mama Pini alitafuta lile neno lake la kubana tu, akaliona halisemeki mbele ya mtu huyu. Akachukua fomu mpya, akaandika jina la marehemu kwa mwandiko wake bora kabisa, akaibana kwa pini mbili. Kisha akamwita aliyefuata, na mwingine, wote kwa pini mbili.

Kabla ya saa saba karani akatoka nje, mifuko ya suruali imepinduliwa nje, haina kitu.

"Mama yangu, leo watu wote wana kitu?"

"Wote, mwanangu. Nani asiye na kitu?"

Karani akamtazama, akatazama foleni, akarudi ndani. Cheti cha Babu Randa kilikuwa kimeshapigwa mhuri. Mzee alikipokea dirishani, akalisoma jina la mkewe herufi kwa herufi, akakikunja na kukitia kifuani. Akapita mezani kwa Mama Pini bila kushukuru, naye hakuinua uso kungoja shukrani.