Jani la Isale Nililopokea kwa Mama Mdogo

Ndugu wa ukurasa huu, jina langu lifichwe, maana huku mlimani tunajuana mpaka mbuzi. Nina miaka arobaini na mmoja, mke na watoto wanne, na ni katibu wa kikundi chetu cha kahawa, juu ya Moshi.

Tangu soko lifunguliwe tunamuuzia mnunuzi binafsi. Anatupa nyongeza ya bei kwa sharti moja: maji machafu ya mashine ya kumenya kahawa yaishie shimoni, yasiingie kwenye mfongo, mfereji wetu wa kunywa na kumwagilia. Nyongeza hiyo ndiyo ada ya watoto wetu wote.

Msimu huu kahawa iliiva kwa mkupuo. Asubuhi ya ukaguzi wa mnunuzi nikakuta shimo linafurika. Nilichanganyikiwa jamani! Nikashika jembe, nikakata ukingo, maji yakaingia mfongoni. Mkaguzi alichungulia shimo, akatusifu, akaondoka. Mfongo hata hakuutazama, nami mjinga nikajipongeza.

Mchana mfongo ulinuka uchachu, na siku ya pili ng'ombe mtamba wa jirani wa chini akafa. Watu wakamrukia mama mdogo, mjane wa baba yangu mdogo, kwa kuwa anapika mbege, pombe yetu ya ndizi, kando ya mfongo. Wakasema kamwaga machicha. Kikao kikamfungia zamu yake ya maji, na muhtasari niliuandika mimi.

Jumapili baada ya ibada alikuja kwangu na jani la isale, lile la kuombea msamaha ambalo Mchagga halikatai. Akapiga magoti, mama aliyenilea!

"Mwanangu, sikumbuki kumwaga kitu, ila uzee huu, huenda nilimwaga. Niombee kwa wenzako, migomba inakauka."

"Inuka mama, yameisha," nikamwambia, nikalipokea.

Hayakuisha. Wenzangu wamegoma kumfungulia maji mpaka msimu upite, akawa anateka maji korongoni kwa ndoo. Juzi ameteleza, amevunjika nyonga. Nilipomwamkia kitandani akanishika mkono, akasema, "Marahaba mwanangu. Hii ni adhabu yangu ya yale maji." Sasa anaamini kweli ni yeye. Nilitoka nje nikalia kama mtoto.

Nikisema ukweli, nyongeza inakufa, watoto wanafukuzwa shule kwa kukosa ada, na kijiji kitanilaani. Nikinyamaza, mama mdogo anaweza kufa na dhambi yangu. Jani lake limekaukia ndani ya Biblia yangu, na kusali siwezi.

Jumamosi kuna kikao. Nishaurini ndugu zangu, nampelekeaje isale mtu aliyekwisha kuniletea la kwake?