Kinywaji Ambacho Emerensiana Hakukionja

Jirani yangu wa mtaa wa Nyamugari, Emerensiana, anahudumu kwenye baa moja hapa Gitega, na kazi anaijua. Hujaza barafu kwenye glasi ndefu, humimina amaro kidogo, kileo cha Kiitaliano kichungu chenye utamu kwa mbali, huongeza maji ya soda polepole, kisha kipande cha chungwa. Kinywaji hicho hakileweshi upesi. Nazario, dereva wa lori kutoka Muyinga, alikipenda kwa sababu hiyo, kisha akampenda mtengenezaji. Mwishowe akamwambia, "Twende nyumbani, mama akuone."

Mkono mtupu haulambwi. Mama yake Nazario ameacha pombe kali, kwa hiyo Emerensiana akaona hicho kitamfaa. Akabeba chupa ya amaro, soda na machungwa, na barafu ndani ya chupa ya chai aliyoipakata njia nzima. Masikini, jinsi alivyokuwa na furaha!

Huko Muyinga Emerensiana akakitengeneza mbele ya ukoo, akampa mama glasi kwa mikono miwili. Mama akaitazama ile rangi ya kahawia, akanusa, akaiweka chini.

"Mwana wangu, mbona we hauonji kwanza?"

Huku kwetu anayekupa kinywaji hukionja mbele yako, ujue hakina sumu. Emerensiana anajua hilo tangu utoto wake katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Lakini baani ukigusa glasi ya mteja kwa mdomo unafukuzwa, na mikono ilikwenda kwa mazoea ya kazi.

"Nisamehe, Mama." Akaichukua, akainywa yote.

"Sasa unakunywa juu mi nimesema. Na iko na harufu chungu vile!"

Akatengeneza nyingine, akaionja wote wakiona, akamnyooshea Nazario. Ni kile kile alichokunywa baani kila Jumamosi. Nazario akamwangalia mama yake, mikono akaiacha mapajani. Uchumba ukafia hapo.

Mama simlaumu, hakumjua binti wa watu. Lakini lile jitu lenye ndevu, lilishindwa kumeza funda moja?

Juzi lilikuja baani, likaagiza kinywaji chake. Emerensiana akatengeneza, akaonja, akakisogeza mezani.

"Ah, Ema, si lazima uonje. Mi najua hauwezi kunitilia kitu."

"Ungesema hivyo Muyinga," akamjibu, akaingia jikoni, akalia.