Siku Nilipozima Taa ya Siku Tisa

Kuna wazee pale Stanmore, London, ambao hadi leo wakikutana na mimi dukani wanapunguza mwendo wa toroli ili wanitazame vizuri, na siwalaumu, kwa sababu mimi ndiye yule mpangaji wa Mama Kusum, na habari yangu ilishatoka Stanmore ikafika Neasden kabla hata sijamaliza kuomba radhi. Nimeona bora mnisikie mwenyewe, maana huko inakosimuliwa imeshaongezewa chumvi (eti nilivunja chungu, mimi chungu sikukigusa kabisa), na aibu niliyo nayo inanitosha bila nyongeza.

Mama Kusum ndiye mwenye nyumba wangu, mjane wa miaka sabini na kitu, Mhindi wa Kigujarati mzaliwa wa Tanga, na Kiswahili chake ni cha Tanga haswa, ukimsikia kutoka chumba cha pili unajikuta umeshamwamkia shikamoo. Mimi ni Beno, natoka Ifakara, Mkatoliki, kazi yangu ni kutoa watu damu hospitalini, na nilipopata chumba kwake niliona kama nimefika nyumbani. Sharti lilikuwa moja tu: kwake haipikwi nyama, haipikwi samaki, halikaangwi hata yai. Nikasema hakuna shida Mama, na kweli kwa mwaka mzima shida haikuwepo.

Sasa ikaja Navratri, zile siku tisa za kumwomba mungu wao wa kike, mwenye mikono mingi aliyekaa juu ya simba, ambaye Mama Kusum anamwita Mataji kwa sauti ile ile unayomwitia mama yako mzazi. Kwenye kona ya sebule akapanga altare (naiita altare kwa sababu ndilo neno nililokuwa nalo): picha ya Mataji yenye shada la maua, nazi imekalishwa juu ya chombo cha shaba na majani ya tambuu yameizunguka, sinia la udongo lililopandwa shayiri, na katikati chungu cha udongo kilichotobolewa matundu pande zote, wao wanakiita garbo, na ndani yake taa ya samli. Taa hiyo inawashwa siku ya kwanza na haitakiwi kuzimika hadi siku ya tisa iishe. Alinieleza mwenyewe huku ananyoosha utambi wa pamba kwa kijiti, akasema chungu ni tumbo la mama, na moto ni uhai uliomo ndani.

Na mwaka ule hakuiwasha kwa mazoea. Binti yake Hina, aliyezaliwa hapa hapa London, alikuwa na mimba ya miezi minane baada ya mbili kuharibika, na Mama alikuwa ameweka nadhiri kwamba taa ikiwaka siku tisa bila kuzimika, mtoto atakuja salama. Basi nyumba nzima ikaishi kwa zamu. Usiku Mama alilala kwenye godoro sakafuni mbele ya chungu, mchana akakaa Hina na tumbo lake, na kiberiti kikaondolewa kabisa ndani ya nyumba, maana Mama alisema taa isiyozimika haihitaji kiberiti.

Siku ya tisa ilikuwa Jumamosi. Familia yote ilitaka kwenda hekaluni asubuhi, halafu wageni waje nyumbani mchana kwa sala ya mwisho, ikabaki swali la nani atakaa na taa kwa masaa mawili, na Mama akanigeukia mimi.

"Beno mwanangu, utaweza kunikalia?"

"Mama, mimi nimekulia altareni," nikamjibu. "Nimetumikia misa miaka sita. Taa ya tabernakulo ilikuwa mikononi mwangu."

(Haikuwa mikononi mwangu. Taa ile, ambayo nayo haizimwi, aliishughulikia sista, mimi nilikuwa wa kengele.)

Wakaondoka. Nikakaa mbele ya chungu kama dakika ishirini, nimekunja mikono, najiona mtu wa maana sana, halafu njaa ikaanza. Muelewe kwamba siku zile tisa hata kitunguu na kitunguu saumu vilikuwa vimehama, tulikuwa tunakula viazi vya chumvi na maziwa na matunda, na chumbani kwangu, ndani ya sanduku la nguo, ndani ya mifuko mitatu iliyofungwa mmoja juu ya mwingine, nilikuwa na dagaa wa Mwanza nilionunua Thornton Heath kwa ajili ya kwenda kupika kwa rafiki. Nikajiambia ni dakika kumi tu, nyumba tupu, kisufuria changu mwenyewe, sigusi chombo cha mtu. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Wale dagaa walikuwa watamu, siwezi kusema uongo, lakini harufu yao haikuwa ya kukaa jikoni. Ilipanda ngazi, ikaingia kwenye mapazia, ikakaa kwenye makochi kama mgeni aliyealikwa. Nikafungua dirisha la jikoni, haikutosha, nikafungua mlango wa nyuma, haikutosha, nikaenda sebuleni nikafungua na dirisha kubwa la mbele, na upepo wa mwezi wa kumi ukapita nyumba nzima kutoka uani hadi barabarani. Nikasema afadhali. Nilipogeuka, matundu ya chungu yalikuwa meusi yote.

Jamani, niliogopa. Haikuwa dini yangu, nadhiri haikuwa yangu, lakini nilikuwa nimeambiwa kwa mdomo wa mwenyewe moto ule ni nini, na nilichokuwa nakiona mbele ya macho yangu ni Hina akipanda ngazi polepole, ameshika tumbo. Nikasali Salamu Maria mbele ya picha ya Mataji (sijui wao wawili waliambizana nini), kisha nikaanza kutafuta cha kuwashia. Kiberiti hakuna. Jiko ni la umeme. Nikachukua bahasha ya halmashauri, nikaibana kwenye duara la jiko hadi likawa jekundu, bahasha ikatoa moshi kwanza kabla ya moto, king'ora cha moshi kikaanza kupiga kelele nyumba nzima, nikawa napepea king'ora kwa taulo mkono mmoja na mkono wa pili nakimbiza bahasha inayowaka kuelekea sebuleni, na vidole vyote vinanuka dagaa. Ikawaka. Moto ukarudi ukatulia, unafanana kabisa na ule wa kwanza, na nadhani kama ungekuwa tofauti hata kidogo ningesema ukweli mapema.

Lakini ulifanana. Kwa hiyo nikafunga madirisha, nikapuliza sprei ya lavenda hadi nikakohoa, nikawafunga dagaa waliobaki na kuwarudisha sandukuni wakiwa bado wa moto, katikati ya mashati yangu ya kazini, na Mama aliponipigia simu kuuliza taa inaendeleaje nikamjibu, "Inawaka, Mama." Ilikuwa kweli neno kwa neno.

Wakaja watu kama thelathini, viatu vikajaa korido. Wa kwanza kusimama mlangoni alikuwa Mzee Jayanti, shemeji yake Mama Kusum, mzee mwembamba aliyekulia Mwanza, maisha yake yote hajawahi kuonja samaki. Akavuta hewa kwa pua, mara moja, halafu mara ya pili polepole zaidi, akanitazama, akapita. Mama alipiga magoti mbele ya chungu, akakaa pale na machozi yakamtoka, kisha akainuka akawaambia wote kwa Kigujarati jambo refu ambalo nililielewa kwa vidole vyake tu, kimoja kwa taa na kimoja kwangu, na watu wazima wakaniunganishia viganja wakiinamisha vichwa, na mama mmoja nisiyemjua akanitia kipande cha peremende ya maziwa mdomoni kwa mkono wake. Nilitafuna nikitokwa na jasho. Hina alikuwa kwenye kiti karibu na picha, na nikaona kwamba kila mtu anaitazama taa isipokuwa yeye. Nikajua ameshanijua.

Ikafika sala yenyewe, ile wanayozungusha sinia la tambi tano zinazowaka mbele ya mungu huku wakiimba na kengele inapigwa, kisha kila mtu anapitisha viganja juu ya moto na kujipaka joto lake usoni. Hina alitakiwa kujipaka tumboni. Mama akawasha tambi zote tano kutoka kwenye garbo, yaani kutoka kwenye bahasha yangu ya halmashauri, akanikabidhi sinia mikononi.

"Wewe umeilinda," akasema, "wewe uanze."

Nikamtazama Hina akinyanyua viganja vyake, na mimi nikashindwa. Nikamwinamia Mama sikioni nikamwambia kwa Kiswahili, ili iwe siri yetu wawili.

"Unasemaje?" akauliza. Sikio lile halisikii vizuri. "Sema kwa sauti."

"Taa ilizimika, Mama. Nilifungua madirisha. Niliiwasha mwenyewe."

Kengele ikanyamaza. Ndipo nikakumbuka (mtu mzima na akili zangu) kwamba nusu ya wazee wa sebule ile walizaliwa Tanga, Mwanza, Kisumu na kwingineko, na Kiswahili walikinyonya. Nikaona tafsiri inatembea, kutoka kwa wazee kwenda kwa wakwe kwa Kigujarati, kutoka kwa wakwe kwenda kwa watoto kwa Kiingereza, na kila ilipofika nyuso zikanigeukia.

"Baridi yote hii," Mama akasema, "madirisha ulifungulia nini?"

Nikatazama sakafu. Aliyejibu ni Mzee Jayanti, kwa upole tu, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

"Dagaa," akasema. "Wa Mwanza. Wa Kigoma hawanuki hivi."

Hapo nilitamani sakafu ipasuke. Mama hakunigombeza, na ingekuwa heri angenigombeza. Alichukua sinia kutoka mikononi mwangu, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, na uso wake ukawa wa kizee ghafla, na nikajua hafikirii dagaa wala mimi, anafikiria lile tumbo. Kisha Hina akasimama. Alishika mgongo wa kiti kwa mkono mmoja na nikadhani uchungu umemwanza kwa mshituko, na kwamba nitaishi na jambo hilo hadi kufa.

"Mum," akasema, na yaliyofuata aliyasema kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakielewa lakini hakizungumzi. Alisema taa ilizimika kwake pia. Jumatatu, saa nane mchana, alisinzia kwenye kiti, alipofumbua macho ilikuwa imekwisha kuzimika na hajui tangu saa ngapi. Aliiwasha kwa tishu aliyoichoma kwenye tosta. Hakumwambia mama yake, hakumwambia mumewe, na tangu siku hiyo kila mara mtoto akitulia tumboni anakaa kitandani anahesabu dakika hadi apige teke, akijua kwamba mtoto akinyamaza kabisa ni yeye mama aliyemzima.

Mama Kusum aliweka sinia chini.

"Siku tano," akamwambia, kwa Kiswahili, sijui kwa nini kwa Kiswahili. "Siku tano umebeba hilo peke yako, na mimi nimelala hapo hapo mbele ya taa."

Akamkumbatia na tumbo lake lote katikati yao, wakalia wote wawili, na tambi zikawa zinakaribia kuishiwa samli, hadi Mzee Jayanti akaokota kengele na kuanza kuimba mwenyewe kwa sauti yake mbovu, na watu wakamfuata. Sinia alilizungusha Hina, mkono wa mama yake ukiwa chini ya mkono wake. Mimi nilisimama koridoni katikati ya viatu, sikujua kama naruhusiwa kuingia wala kama naruhusiwa kuondoka.

Kwa wiki nzima Mama aliongea na mimi habari za mapipa ya taka tu. Nilifua mapazia yote ya nyumba ile kwa mikono, dagaa wakahamia kwa rafiki yangu pamoja na sanduku, na kila jioni nilisubiri kuambiwa nitafute chumba kingine. Sikuambiwa. Mtoto alizaliwa wiki tano baadaye, wa kike, mzima, ana mapafu ya kuimbia kwaya, na nilipopewa nimpakate nilikataa mara mbili kwa woga wa kuharibu kitu kingine.

Sasa Navratri nyingine imekaribia, na juzi Mama alibandika karatasi ya zamu kwenye friji, nikaona siku ya tisa, asubuhi, Beno. Nikamfuata nikamwambia tafadhali Mama, mtu yeyote lakini si mimi, nimeshaonyesha nilivyo.

"Wengine wote humu ndani," akanijibu bila kuacha kumenya viazi, "ikizimika wataniambia inawaka. Wewe utaniambia."

Nimeombwa mambo mengi maishani lakini hakuna lililonitisha kama hilo. Nimeshaomba ruhusa kazini. Siku hiyo nitakaa mbele ya chungu tangu asubuhi bila kula, bila hata chai, na ikizimika, Mungu aepushe, nitampigia simu kabla moshi wa utambi haujaisha.