Shati la Naivasha limempwaya mume wangu

Leo nimemgombeza fundi wa watu bure, na aibu ninayo.

Ijumaa mimi na mume wangu tulikuwa twende Naivasha kutazama mbio za magari. Sare tukashonesha hapa Kona ya Musa, miraba myeusi na myeupe.

Gauni langu limenikaa, mashallah.

Shati lake? Mabega yamekaribia viwiko!

Nikawaka. Fundi akafungua daftari lake taratibu. "Dada, nimetumia vipimo vyake vile vile vya Idi."

Nikageuka kumtazama mume wangu. Yeye akatazama chini.

Jamani, mtu ninayelala naye kila siku, nimeachaje kuona?

Ijumaa tunakwenda hospitali, Msambweni.

Nimetaka shati lipunguzwe. Amekataa. Anasema atalijaza.