Injini ya Mbio kwenye Kilima cha Karafuu

Shemegi yangu, mume wa dada, alitia injini ya gari la mbio kwenye pikapu ya kubebea karafuu, na kwa wiki kadhaa hapakuwa na gari lililozungumziwa Mtambile kama lile.

Injini ilitoka kwenye gari dogo la turbo la kijana aliyerudi kutoka Uarabuni. Kijana aliligonga kwenye ukingo wa daraja, bodi ikakunjamana, yeye akatoka mzima na injini ikabaki bila mkwaruzo. Dizeli ya shemegi nayo ilikuwa imechoka kiasi cha kula oili kuliko mafuta. Fundi wake wa gereji aliona riziki imejileta. Alikuwa na kanuni moja asiyoivunja: injini haitenganishwi na giaboksi yake. Alisema ni mume na mke, ukiwaachanisha kila mmoja atakuja kukulalamikia kwa wakati wake. Kwa hiyo giaboksi ya mbio ikaingia pamoja na injini ya mbio, na ile ya zamani ikafunikwa gunia nyuma ya gereji.

Shemegi alihesabu farasi, kile kipimo cha nguvu ya injini. Dizeli ilikuwa na farasi wasiofika themanini. Hii ilikuwa na zaidi ya mia mbili. Kwetu Pemba farasi havuti kitu, anayevuta ni ng'ombe, kwa hiyo kwenye kahawa alikuwa akiwafanyia watu tafsiri: hata ukisema kila farasi wawili ni sawa na ng'ombe mmoja, ni kilima gani kitasimama mbele ya ng'ombe mia? Watu walikubali. Hakuna aliyeuliza farasi hao wanatoka zizini saa ngapi.

Swali hilo ndilo lenye maana. Injini inafanya kazi moja tu, kusokota shafti. Nguvu ya msokoto ni ile ile unayoitia mkononi unapofungua nati iliyoshika kutu. Farasi ni hesabu ya pili: msokoto mara kasi ya kuzunguka. Dizeli ya zamani ilisokota kwa nguvu ikiwa bado inazunguka polepole, ila haikuweza kukimbia, kwa hiyo farasi wake walikuwa wachache. Injini ya mbio ilikuwa kinyume chake. Chini ilikuwa dhaifu. Turbo iliamka pale tu mzunguko ulipopanda sana, na farasi wote walikuwa huko juu. Gia fupi ingeiruhusu izunguke haraka huku magurudumu yakitambaa. Lakini gia ya kwanza ya giaboksi ile ilikuwa ndefu, imetengenezwa kwa ajili ya lami.

Mwaka ule dada alikuwa amekodi mikarafuu kwa jina lake kwa mara ya kwanza, kwenye bonde la upande wa Mgogoni. Misimu yote ya nyuma alichambua za wengine. Karafuu mbichi haina subira. Ikifungwa ndani ya gunia inapata joto, inachacha, na ukiianika inatoka nyeupe na imenyauka, na mnunuzi anaisukuma pembeni. Iliyochumwa leo lazima ipande kilima ifike uwanja wa kuanikia leo, ichambuliwe vikonyo, na kesho asubuhi ikutane na jua. Dada alitaka gari la ng'ombe. Shemegi alisema mwenye gari ambaye mkewe anakodi ng'ombe hana uso wa kwenda msikitini. Walivutana asubuhi nzima kwa sauti ya chini, kwa sababu nilikuwepo, kisha dada akakubali.

"Leo tu," alimwambia. "Zikichacha, usinitajie farasi tena."

Mvua ya vuli ilikuwa imepita adhuhuri na udongo wa kilimani ulikuwa umelainika. Wachumaji walipakia, shemegi akaondoka polepole kama alivyozoea na dizeli, na injini ikazimika mwanzoni mwa mwinuko. Mara ya pili alikanyaga mafuta hadi turbo ikapiga mluzi, akaachia klachi taratibu. Gari likatikisika, ikaja harufu ya klachi inayoungua. Mara ya tatu aliiachia ghafla. Farasi wote wakafika kwa pamoja, magurudumu yakazunguka mahali pamoja na kuchimba mashimo mawili.

Nyuma yetu alikuwa amesimama mwenye gari la ng'ombe aliyebeba kuni. Alingoja kwa adabu mpaka moshi ukatawanyika.

"Shehe," alimwita shemegi, "hao farasi wako umewapa majani leo?"

Wachumaji walicheka huku wamegeuza nyuso. Ng'ombe akapita kando yetu, kichwa chini. Msokoto alikuwa nao wote, farasi hata mmoja hakuwa naye. Alichukua muda mrefu kufika juu, lakini hakusimama.

Dada hakucheka. Alifungua magunia na kutia mkono ndani ya kila moja mpaka kwenye kiwiko. Yaliyojazwa asubuhi yalikuwa yameshapata joto. Aliamuru hayo yabaki kwenye gari na mengine yashushwe. Shemegi alitii, akarudi nyuma ili alitoe gari mashimoni, na hapo akagundua kitu. Kwa gia ya rivasi injini haikulalamika. Ilikuwa ndiyo gia fupi kuliko zote alizokuwa nazo.

Aligeuza gari bondeni, akaelekeza mgongo wake kilimani na kupanda kinyumenyume, kichwa nje ya dirisha, injini ikipiga kelele ya uwanja wa mbio na gari likienda mwendo wa mtu anayetembea. Kwa kuwa safari hii nguvu ilikuja taratibu, na uzito wa magunia ulikuwa juu ya magurudumu yanayosukuma, udongo ulishika. Mwanamke mmoja aliyekuwa akitoka shambani alisimama kando ya njia na kumuuliza dada kama gari la mumewe linaona haya.

"Linaona," dada alijibu. "Mwenyewe bado."

Shemegi alipanda hivyo mara mbili. Magharibi iliwakuta uwanjani wamekaa kuchambua. Gunia moja la asubuhi, lililokuwa chini ya mengine, lilipomwagwa lilitoa harufu ya uchachu. Dada alilitenga.

Fundi alikuja kesho yake, akasikiliza habari yote, akasema kanuni yake haina kosa ila kilima kina kosa. Hakuna aliyebishana naye. Kuanzia siku ile karafuu mbichi zilipanda kwa ng'ombe, na shemegi akachukua zilizokauka kwenda nazo mjini kwa njia ya lami, ambako injini ile ilikuwa na raha na yeye pia. Msikitini aliendelea kwenda.

Zile za gunia lililochacha dada alizianika kwenye jamvi la peke yake. Zilipokauka zilikuwa zimepauka, kama alivyojua. Hakuzichanganya na nyingine. Alichota konzi moja, akaiweka mbele ya usukani wa pikapu, juu ya dashibodi, akarudi kwenye majamvi yake. Shemegi aliziona alipoingia kuondoka. Aliendesha nazo hapo msimu mzima, na farasi hakuwataja tena.